Swali Likirukwa, Lirudie

Hotuba kwa waandishi wa habari, maafisa habari na viongozi wa wilaya, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, 3 Mei

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, ndugu maafisa habari wa halmashauri, viongozi wa klabu, na ninyi waandishi mliojazana nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: naomba itifaki ihesabike imezingatiwa, maana nikianza kumtaja kila mtu kwa cheo chake chai itapoa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie staha baina ya viongozi na wanahabari. Mada ni nzuri. Shida yake ni kwamba kila inapoandaliwa, wanaofundishwa staha ni wa upande mmoja tu. Wenye kalamu wanakaa siku nzima na madaftari yao. Wenye askari, leseni na matangazo wanafungua semina, wanapiga picha ya pamoja, wanaondoka kabla mtoa mada wa kwanza hajasimama. Leo Mheshimiwa amebaki kitini, na simpambi nikisema namshukuru.

Nina ombi moja kwenu waandishi, nalo nalitaja mapema ili anayewahi kutuma habari aondoke nalo. Mwenzako akiuliza swali likarukwa, wewe unayefuata lirudie. Liweke lako kando, uliza la mwenzako.

Mnaijua hali yenyewe. Kiongozi amekagua zahanati, amesifia rangi ya ukuta, amekaribisha maswali, na mshehereshaji ameshasema kwamba kutokana na ufinyu wa muda tutachukua matatu tu. Anasimama mwandishi mmoja, mara nyingi kijana wa redio ya jamii, anauliza: jengo hili lilizinduliwa mwaka jana, mbona mpaka leo halina mganga? Kiongozi anamtazama kidogo, kisha anamuuliza, "Wewe unatoka chombo gani?"

Mgeni akisikia atadhani watu wanafahamiana. Sisi tunajua maana yake ni nitajie mhariri wako nimpigie simu jioni. Kijana anataja kituo chake kwa sauti ya chini, watu wanacheka, maiki inahamia kwa mwandishi mkongwe. Naye anasimama, anakohoa, anasema: "Mheshimiwa, kwanza nikupongeze kwa ziara hii. Tungependa kujua Mwenge utapita lini kwenye kata yetu."

Hasira ya kiongozi hainishughulishi sana. Binadamu hukasirika, na mtu aliyeamka alfajiri akazungushwa kwenye vumbi kutwa nzima ana haki ya kuchoka. Anayenishughulisha ni yule mkongwe. Angesimama akasema, "Mheshimiwa, naomba nirejee swali la mwenzangu, mganga atafika lini?", habari ingekuwa nyingine kabisa. Kiongozi hawezi kuuliza watu wanane mfululizo wanatoka vyombo gani. Akifika wa tatu atajibu, au atakataa kujibu mbele ya kamera zote, na huko kukataa nako ni habari ya ukurasa wa kwanza.

Sasa niwarudishe Machi 2017, maana baadhi yenu mlikuwa bado mmevaa sare za shule.

Ijumaa usiku, tarehe 17, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliingia ofisi za Clouds Media, Mikocheni, akiwa na askari wenye silaha. Kamera za usalama zilinasa tukio, picha zikaenea nchi nzima. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alifika Clouds mwenyewe, akaunda kamati ya kuchunguza, akapokea ripoti yake tarehe 22. Kesho yake akaondolewa uwaziri, nafasi akapewa Dk. Harrison Mwakyembe. Siku hiyohiyo Nape alipokwenda kwenye hoteli moja jijini kuzungumza na waandishi, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola mchana kweupe, kamera zikiwa zimewashwa. Ikabidi azungumze akiwa amesimama juu ya gari.

Hadithi hii tumeizoea ikisimuliwa kama ya shujaa wetu. Ukiisimulia hivyo unaiacha nusu. Waziri huyohuyo, Januari 2016, ndiye aliyelitangazia Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao moja kwa moja kama ilivyozoeleka, wabunge wa upinzani wakachachamaa mpaka polisi wakaingia ukumbini. Mwezi huohuo alilifuta gazeti la Mawio. Agosti akalifungia Mseto miaka mitatu, uamuzi ambao Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliubatilisha Juni 2018. Mwishoni mwa 2016 akausimamia bungeni muswada uliokuja kuwa Sheria ya Huduma za Habari, ile ambayo mahakama hiyohiyo ilisema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kisha, baada ya miaka ya kukaa nje, akarudi wizarani na Februari 2022 akawakabidhi leseni zao Mawio, Mwanahalisi, Mseto na Tanzania Daima. Mawili kati ya hayo alikuwa amewahi kuyafungia kwa mkono wake. Akaondolewa tena Julai 2024, siku chache baada ya kusambaa video ya maneno yake kule Bukoba kuhusu namna ya kushinda uchaguzi, maneno aliyosema mwenyewe kwamba yalikuwa utani.

Simsimangi Nape. Namtaja kwa sababu amekalia karibu kila kiti katika ugomvi huu: aliyefungia, aliyetetea, aliyenyamazishwa, aliyefungulia, na mwisho aliyenaswa na simu ya mwananchi. Ukimchukua mtu wa namna hiyo ukajiuliza kama alikuwa na staha kwa waandishi au hakuwa nayo, hutapata jibu la maana. Gazeti linaweza kufungwa kwa lugha safi kabisa. Barua za kufungia magazeti hazina matusi hata kidogo, zina nembo, zina kumbukumbu namba, zinamalizia na "nakutakia kazi njema". Kwa hiyo mkiniuliza mimi, tuwapime viongozi kwa kitu kimoja ambacho hakidanganyi: je, walijibu walichoulizwa?

Na sisi tulifanya nini mwaka ule? Wahariri walitangaza kususia habari za yule mkuu wa mkoa. Nilielewa uchungu wao. Ofisi ya mwenzao imeingiliwa na bunduki, wangekaa kimya wangeonekana wameuzoea uvamizi. Lakini kususia kama silaha sijawahi kukuamini, na nitasema kwa nini. Mkuu wa mkoa ana akaunti za mitandao, ana mikutano ya hadhara, ana vipaza sauti na msafara. Hakosi pa kusemea. Ukimsusia, anachokikosa ni mtu wa kumuuliza tu, na mtu wa kumuuliza ndiye aliyekuwa hamtaki tangu mwanzo. Ningefurahi zaidi kama kila mwandishi aliyepata maiki mbele yake mwaka ule mzima, awe amekuja kwa habari ya usafi, ya mpira au ya barabara, angeanza na swali moja lilelile: usiku ule ulifuata nini pale Mikocheni?

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba zamani kulikuwa na staha. Hapo napo tusidanganyane.

Serikali ilipoitaifisha The Standard, Februari 1970, Mwalimu Nyerere alilitolea gazeti hati yenye saini yake, ikasema lina uhuru wa kukosoa. Akamweka mhariri, Frene Ginwala, mwanamama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni kwetu. Mwaka uliofuata gazeti likaandika tahariri kali kumlaani Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti wa nchi yake, na Ginwala akaondolewa kwenye kiti. Tahariri haikumtukana mtu wa hapa nyumbani. Ilimkera rafiki wa serikali, basi. Ginwala mwenyewe alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi, kwa hiyo msimwonee huruma sana. Na ile Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti ilikuja 1976, wakati wa Mwalimu huyohuyo tunayemkumbuka kwa vicheko vyake mbele ya waandishi.

Vicheko vilikuwepo kweli. Machi 1995 alikutana na waandishi Hoteli ya Kilimanjaro akazungumzia nyufa za taifa, na mpaka leo video ya mkutano ule inaangaliwa. Anatania, anauma, anapandisha nyusi, chumba kizima kipo mkononi mwake. Ila kumbukeni alikuwa ameshatoka Ikulu karibu miaka kumi. Ni rahisi kuyakaribisha maswali ukiwa huna tena gazeti la kulifungia.

Mkapa ndiye aliyevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliwahi kuwa mhariri wa The Nationalist, kisha wa Daily News, baadaye akawa Waziri wa Habari, akaishia kuwa Rais. Waandishi walimwona mkali, na ukali huo mwingi ulitokana na kwamba aliijua kazi yenyewe: ukimuulizia kitu ambacho hukukisoma, alikukamata palepale. Simtetei kwa kila alilotujibu. Lakini kukemewa na mtu anayejua swali lako lina tundu wapi ni shule, ulipe ada ukae kimya.

Majirani zetu wa Kenya wanagombana kwa sauti kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2005, yaani siku kama ya leo, aliyekuwa Mke wa Rais, Lucy Kibaki, aliingia ofisi za gazeti la Nation jijini Nairobi na walinzi wake akakaa mpaka alfajiri, na mpiga picha mmoja wa televisheni akazabwa kofi. Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard la hukohuko Kenya, wakachoma magazeti, wakazima televisheni yake ya KTN, na waziri wa usalama John Michuki akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Uhuru Kenyatta alipokuwa Rais alisema gazeti ni la kufungia nyama.

La nyama, kwa maoni yangu, ni mzaha wa kawaida wa wanasiasa, na wenye mabucha hawakulipinga. Mwandishi anayekosa usingizi kwa kuambiwa hivyo atafute kazi nyingine. Mwezi Juni 2023 waziri Moses Kuria alilishambulia shirika la Nation kwa matusi mazito mtandaoni baada ya habari iliyomgusa, na watu wakayajadili matusi kwa wiki nzima. Wachache walilizingatia lile lingine alilolisema kwenye jukwaa kule Embu: kwamba afisa yeyote wa serikali atakayeonekana amepeleka tangazo Nation ajihesabu amefukuzwa kazi. Hilo ndilo lililostahili wiki nzima. Tusi humwuma aliyetukanwa. Tangazo likiondolewa, wanaokwenda nyumbani ni dereva wa gari la magazeti na msanifu kurasa, ambao hawakuandika chochote.

Lipo moja la Kenya ambalo nalipenda. Mwisho wa Januari 2018, kabla ya Raila Odinga kujiapisha Uhuru Park, Jukwaa la Wahariri la Kenya lilitoa taarifa hadharani kwamba wakuu wa vyombo vya habari wameitwa Ikulu na kuonywa wasirushe tukio moja kwa moja. Citizen, KTN na NTV wakarusha. Mitambo ikazimwa tarehe 30, mahakama ikaamuru iwashwe tarehe 1 Februari, ikaendelea kuwa kimya siku kadhaa. Vituo vitatu vinavyogombania watazamaji usiku na mchana, hakuna kilichosema "hao wenzetu walizidi, sisi tuwashieni". Huko ndiko kurudia swali la mwenzako, ila kwa gharama kubwa zaidi kuliko hii ninayowaomba ninyi.

Hapa kwetu, Oktoba 2024, huduma za mtandaoni za Mwananchi zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyogusia watu waliopotea. Sitalijadili kwa kirefu, mnalijua. Nauliza tu: katika siku zile 30, ni wangapi kati yetu, wenye leseni zetu salama, waliolibeba swali la ile katuni na kulipeleka kwa mwenye kupaswa kujibu?

Na yapo ambayo siwezi kuyaweka chini ya mada ya staha hata nikilipwa. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa Nyololo, Mufindi, 2 Septemba 2012 akiwa kazini, na askari mmoja alihukumiwa 2016 kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hajarudi. Mtu akiniletea mambo hayo kwenye semina ya "kuboresha mahusiano", namrudishia karatasi yake.

Nigeukie ndugu zangu maafisa habari, maana naona mmeanza kujiona mmesalimika.

Siku hizi kila wilaya ina kundi la WhatsApp la wanahabari, na mwenye kundi ni afisa habari. Humo ndimo ratiba za ziara zinamotangazwa, ndimo gari la waandishi linamopangwa, ndimo picha za hafla zinamomwagwa kabla mwandishi hajafika nyumbani. Jambo jema, limeokoa nauli nyingi. Lakini nimeona adhabu mpya imezaliwa humo: mwandishi akiuliza swali la kukera asubuhi, mchana anakuta ameondolewa kundini. Hakuna barua, hakuna kikao, wala jina la aliyeamua. Wenzake wanaona ile mistari midogo ya kijivu inayosema fulani ameondolewa, na kila mmoja anajifanya alikuwa hana chaji. Ofisi ya umma haina ruhusa ya kuchagua nani apate taarifa ya umma kwa kubofya jina lake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kumjibu anayeomba taarifa kwa utaratibu, na haisemi popote kwamba awe ni mwandishi mnayempenda.

Nanyi waandishi msipige makofi. Nani kati yenu amewahi kuitumia sheria hiyo? Barua moja tu, yenye mhuri wa kupokelewa? Nyoosheni mikono.

Basi.

Kiongozi anapowadharau, nusu ya dharau hiyo anaipata kwenu. Mnakuja kwenye mkutano kwa gari lake, mnakula chakula chake, mnapokea "nauli" kwenye bahasha mlangoni, mnasaini. Halafu mnataka akiwatazama aone mhimili wa nne. Anaona abiria wake. Najua malipo ya mwandishi wa kujitegemea yalivyo, najua habari inalipwa baada ya kutoka na wakati mwingine hailipwi kabisa, na wenye vyombo mkoani na Dar es Salaam wanajua hivyo na wamekaa kimya maana bahasha ya kiongozi inawapunguzia mishahara. Lawama hiyo naiweka kwao kwanza. Lakini hata katika hali hiyo kuna tofauti kati ya mwandishi maskini na kanjanja. Mwandishi maskini anapokea chai, kisha anauliza swali lake. Kanjanja anauza swali kabla hajaliuliza, anampigia mheshimiwa usiku kumwambia kuna habari yako mbaya, tuyamalize. Watu wa namna hiyo tunawajua kwa majina, na kila mmoja wao anampa kiongozi sababu ya kututia sote kwenye kapu moja.

Halafu maandalizi. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inawekwa wazi kila Aprili. Halmashauri yetu imo humo, yenye hoja zake, yenye kurasa zake. Ukisimama ukasema "kuna tetesi kwamba fedha za stendi zimeliwa", kiongozi ana haki ya kukuuliza tetesi za nani, na hapo nitakuwa upande wake. Ukisimama ukasema "ukurasa fulani wa ripoti unasema malipo haya hayana stakabadhi, je, zimepatikana?", kumuuliza unatoka chombo gani kunakuwa aibu yake mwenyewe mbele ya wapiga kura wake. Hiyo ndiyo staha ya mwandishi ninayoijua: kuja umesoma. Kupongeza ziara waachieni wenye kazi ya kupongeza, wapo wengi na wameajiriwa.

Mkifanya hivyo, mtakasirikiwa tu. Msidhani nawaahidi amani. Kiongozi aliyeulizwa swali zuri mara tatu mfululizo hukasirika kuliko yule aliyetukanwa. Simu zitapigwa kwa wahariri. Ila simu ya kumlalamikia mwandishi mmoja ni ya dakika mbili, na mhariri anaweza kumtoa mwandishi huyo kafara akaendelea na chakula chake. Simu za kuwalalamikia waandishi wanane kutoka vyombo vinane, walioulizia zahanati moja, zitamchukua msaidizi wa kiongozi siku nzima. Atafika katikati ajiulize kama isingekuwa nafuu kumtafuta huyo mganga.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, jana ulinikubalia kwa simu kwamba ukibaki utajibu maswali, na kwamba hayataandikwa wala kuchujwa kabla. Watu wote hapa wamekuona umebaki. Afisa habari, naomba maiki ishuke jukwaani, ianzie kule nyuma mlangoni.

Dada wa redio, wewe mwenye kilemba cha bluu, ni zamu yako. Jina na swali, chombo hakina haja. Na mzee wangu uliyekaa jirani yake, utakayefuata: swali ulilokuja nalo lishikilie kwanza, sikiliza kama hili limejibiwa.